Oili Kwanza, Hesabu Baadaye

(Mada iliyotolewa na msimamizi wa mikopo ya pikipiki katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi)



Kikundi hoyee! (Hoyee!)

Kamati ya sherehe imenipa dakika kumi na tano nizungumzie utunzaji wa pikipiki. Kuna mwenzetu ameninong'oneza hapa, "Dada, siku ya pilau wewe unatuletea habari za oili?" (Kicheko.) Ndiyo, naleta, maana pilau hili limetoka kwenye riba ya mikopo yetu, na mikopo mingi sasa hivi ina magurudumu mawili.

Ndugu zangu, katika miaka kumi hii tumekopeshana mitaji ya genge, cherehani, kuku na ada za watoto. Lakini hakuna mkopo wa mtu mmoja uliokuwa mkubwa kama wa pikipiki. Na hakuna mali nyingine tunayoikabidhi kwa mtu alfajiri, ikatoka machoni petu kutwa nzima, ikarudi usiku. Kuku akiugua unamwona anajikunyata. Pikipiki inaugua ndani kwa ndani, na siku utakayosikia mlio, ugonjwa ni wa zamani.

Mnamkumbuka mwenzetu ambaye injini ya pikipiki yake ilinoki deni likiwa limefika nusu. Ameniruhusu nilisema hili bila kumtaja jina. Injini ilinoki, deni halikunoki. Aliendelea kulilipa kwa fedha za maandazi hadi likaisha, na sisi sote tunajua alivyokonda. Mama alisema kijana hakumwaga oili. Kijana alisema mama alichukua hesabu yote, fedha ya oili hakuacha. Kamati ilipowaweka kitako tuliona hakuna mwizi kati yao. Kila mmoja alidhani kazi hiyo ni ya mwenzake. Mkataba wao ulitaja kiasi cha hesabu na siku ya kuileta. Neno "oili" halikuwamo hata mara moja.

Hilo ndilo nililosimamia hapa leo.

Oili inafanya kazi gani?

Pikipiki nyingi tunazokopeshana ni za cc 100 hadi 150. Hazina rejeta, zinapozwa na upepo. Ndani yake mna karibu lita moja tu ya oili. Gari huwa na oili ya injini mbali na ya gia mbali. Kwenye pikipiki hizi lita hiyo hiyo moja inalainisha pistoni, inalainisha gia, klachi nayo imelowa humo humo, na tena inasaidia kuondoa joto. Ni mfanyakazi mmoja wa kazi nne.

Anayekaanga maandazi anajua mafuta yaliyopikiwa siku nyingi yanavyobadilika. Oili nayo inachoka kwa joto, inabeba masizi na chembe za vyuma. Kuwa nyeusi peke yake si ugonjwa, maana yake inasomba uchafu. Lakini ikizidi muda wake, uchafu huo unaanza kusaga kile ilichotakiwa kukilinda. Na ikiwa na rangi kama ya maziwa, basi imeingia maji. Imwagwe mara moja na fundi atafute maji yamepita wapi.

Tununue oili ipi?

Kwanza kabisa fuata kitabu kilichokuja na pikipiki. Wengi wetu tumekifungia kabatini pamoja na kadi. Kitoeni, mpeni fundi asome.

Pili, tazama chupa. Kwa pikipiki zetu iandikwe 4T. Ile ya 2T ni ya pikipiki za zamani zinazochanganya oili na petroli, usiiweke. Kisha tafuta herufi JASO MA au MA2. Hicho ni kipimo cha Wajapani kilichowekwa mwaka 1998, kinachohusu pikipiki zenye klachi inayolowa kwenye oili. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kuzidisha utelezi. Kwa gari ni jambo jema, lakini klachi ya pikipiki inatakiwa ishikane. Ikiteleza, injini inalia sana na pikipiki haipandi mlima, hasa abiria akiwa nyuma. Ukiona MB, hiyo ni ya skuta zisizo na klachi ya namna hii. Iache dukani.

Tatu, zile namba: 20W-50, 20W-40, 10W-30. Ya mbele yenye W inaeleza wepesi wa oili ikiwa baridi, na ya nyuma inaeleza uzito wake ikiwa moto. Namba kubwa si sifa. Kama kitabu kinasema 10W-30, usishawishiwe kuweka nzito zaidi eti ina nguvu.

Watu huniuliza, je, ile ya bei ghali, sintetiki, si bora? Inavumilia joto zaidi, ni kweli. Lakini oili ya kawaida yenye alama sahihi, ikimwagwa kwa wakati, itaitunza injini kuliko ya ghali iliyoachwa miezi mitatu. Cha kuogopa ni ile ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, usiyojua ilitoka wapi. Nunua chupa yenye lakiri, ifunguliwe mbele yako, na ikiisha itoboe. Chupa nzima iliyo tupu ni mtaji wa mwenye oili feki.

Imwagwe lini?

Pikipiki mpya humwagwa oili mapema, nyingi katika kilomita 500 hadi 1,000 za mwanzo, kwa sababu vyuma vipya vinasuguana kuzoeana. Baada ya hapo kitabu kinaweza kutaja kilomita nyingi. Lakini bodaboda inasimama na kuondoka kutwa nzima, kwenye joto, vumbi na mizigo. Mafundi wetu hapa wanashauri kila kilomita 2,000, nami nawaunga mkono. Anayekimbia kilomita 100 kwa siku anazifikisha kwa siku 20 za kazi. Mita ya kilomita ikiwa imekufa, hesabu siku.

Hiyo ni ya kumwaga. Kuangalia ni kila asubuhi: pikipiki isimame wima mahali tambarare, kijiti kichomolewe, kifutwe, kipimwe. Oili ikipungua na hakuna inapovuja, na moshi ni wa rangi ya bluu, injini inaila. Msingoje.

Siku ya kumwaga oili, fundi asafishe na chujio la hewa, maana vumbi likipita linasaga silinda kama msasa. Aangalie plagi, breki, waya wa klachi na upepo wa matairi. Cheni iwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3. Ikilegea inaruka, ikikazwa mno inakula beringi na sproketi. Oili chafu iliyomwagwa isipakwe kwenye cheni, ina mchanga na chembe za vyuma. Wala isimwagwe mtaroni au karibu na kisima. Iwekwe kwenye dumu, na aliyeishika anawe kwa sabuni.

Tupige hesabu

Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo chukueni hizi kama mfano, kisha kila mtu aweke za dukani kwake.

Tuseme hesabu ni shilingi 8,000 kwa siku. Oili 12,000, fundi 3,000, jumla 15,000 kila siku 20 za kazi. Ukigawa ni shilingi 750 kwa siku. Ongeza 1,250 kwa siku ya matairi, cheni, breki na plagi. Jumla shilingi 2,000. Kwa siku 300 za kazi hesabu inafika 2,400,000, lakini 600,000 humo ni za pikipiki yenyewe. Mama anayeziita faida zote anakula mbegu.

Sasa upande wa pili. Tuseme kufufua injini iliyonoki, pistoni, ringi, silinda na ufundi, ni 350,000. Fedha hiyo ingemwaga oili mara 23, ambayo ni siku 460 za kazi. Na bado sijahesabu siku pikipiki iliyolala gereji bila kuleta kitu huku marejesho yanadaiwa.

Jamani, hesabu isiyoacha nafasi ya oili hailipwi na dereva. Inalipwa na injini. Ukimbana kijana alete 10,000 siku ya mvua kijiweni hakuna abiria, ataleta, lakini atakuwa ameitoa kwenye oili. Wewe utafurahi wiki mbili tatu, halafu utalia.

Mapendekezo

Tunapoanza miaka kumi mingine, naomba mkutano wetu mkuu uyapitishe haya:

1. Mkopo wa pikipiki usitolewe mpaka mkataba wa mama na dereva uandike nani ananunua oili, nani anamlipa fundi, na lini.

2. Kiasi cha matengenezo kitengwe kila siku kwenye mfuko wa pikipiki, hata kama hesabu inatumwa kwa simu, kabla hakijaitwa faida.

3. Kila pikipiki iwe na daftari lake: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, gharama, saini ya mama na ya dereva. Sisi ni watu wa daftari. Ndilo lililotufikisha hapa.

4. Siku ya gereji dereva asidaiwe hesabu nzima. Tukimwadhibu kwa kuipeleka kwa fundi, hataipeleka.

Vijana wetu, nanyi nawaomba: mkisikia mlio mgeni, semeni siku hiyo hiyo. Na sisi mama zenu tukiambiwa, tusianze na matusi, tuanze na fundi.

Ndugu Mgeni Rasmi, nimemaliza kabla pilau halijapoa.

Kikundi hoyee! (Hoyee!) Oili kwanza! (Hesabu baadaye!)