Tembe Imepimwa Kiwandani, Usiipime Tena kwa Kisu

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya tembe: inavyotengenezwa, na kwa nini hatupaswi kuikata ovyo.

Mama mmoja alikuja kliniki na watoto wawili, wote wana homa. Siku chache kabla, yule mdogo alikuwa amepimwa, akapatikana na malaria, akapewa tembe za AL. Siku ya pili mkubwa naye akashikwa na homa. Mama hakuwa na nauli. Akachukua kisu, akazikata tembe zilizobaki: nusu ya huyu, nusu ya yule. Homa ikashuka, akamshukuru Mungu. Haukupita muda ikarudi kwa wote wawili. Alipofungua fundo la leso yake, niliona vipande na unga tu.

Mama huyu hakuwa mzembe. Alitaka kuwaokoa wote. Sisi tuliompa dawa ndio hatukumweleza vya kutosha.

Sasa sikilizeni. Ninyi wa Awendo mnajua miwa inavyopita kati ya rola nzito za chuma ili ikamuliwe. Kiwanda cha dawa pia kina rola, lakini kazi yake ni kushindilia. Unga wa dawa huingia katika vitundu vilivyopangwa kwenye sahani ya chuma inayozunguka. Kina cha kitundu ndicho kipimo cha unga. Kila kitundu kina vyuma viwili mfano wa mchi, kimoja juu na kimoja chini. Sahani inapozunguka, vyuma hivyo hupita kati ya rola mbili. Rola huvisukuma vikutane, na unga hugeuka tembe.

Rola hizo lazima ziwe mviringo kamili na ziwekwe mahali pake barabara. Rola ikichakaa au ikikaa mbali, tembe hutoka laini na kubomoka. Ikibana mno, tembe huwa ngumu na huenda isiyeyuke vizuri tumboni. Kwa hiyo mafundi hupima tembe 20 uzito, moja moja. Nyingine huzungushwa mara 100 ndani ya pipa dogo, na hazitakiwi kupoteza zaidi ya sehemu 1 kati ya 100 ya uzito wake. Tembe za watoto za kuyeyushwa lazima zisambae majini ndani ya dakika 3.

Kazi yote hiyo ni ili kila tembe iwe na dawa sawa na mwenzake. Kisu cha jikoni hakiwezi hivyo. Kipande kimoja huwa kikubwa, kingine kidogo, na unga hubaki mezani. Na hata ukikata sawasawa, nusu ya kipimo haiui malaria yote.

Basi tukumbuke haya:

Kwanza, kila mtoto apimwe na apewe dawa yake. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza tembe 1 ya AL ya watoto mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Jumla ni tembe 6. Ya pili hufuata saa 8 baada ya ya kwanza. Iyeyushe katika maji safi kidogo, kisha mpe maziwa au chakula. Maliza zote hata akianza kucheza. Akitapika dawa, mrudishe kliniki.

Pili, tazama mstari katikati ya tembe. Mstari huo umewekwa na mashine ili tembe igawanyike sawa. Tembe ya zinki ya miligramu 20, ya kuharisha, hugawanywa nusu kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Lakini vunja tu pale muuguzi amekuambia. Usisage tembe yenye ganda kabla hujauliza.

Tatu, acha tembe katika pakiti yake, mahali pakavu, mbali na watoto. Iliyolowa au kubomoka, irudishe.

Nne, ninyi wajawazito. Kliniki hukupa tembe 3 za SP umeze papo hapo mbele ya muuguzi, kuzuia malaria. Tembe hizo sasa hutengenezwa hapa kwetu pia. Mwaka 2022, kiwanda cha Universal Corporation kule Kikuyu kilikuwa cha kwanza Afrika kupata idhini ya Shirika la Afya Duniani kwa dawa ya SP. Zile 3 kwa pamoja ndizo kipimo kimoja. Usimeze moja na kupeleka mbili nyumbani. Na kama unatumia Septrin kila siku, mwambie muuguzi, kwa maana hutapewa SP.

Mama yule? Watoto wake walipimwa upya, kila mmoja akapewa pakiti yake, na wote wakapona. Kama huna nauli, mwite mhudumu wa afya wa kijiji chako kabla ya kuchukua kisu. Kuuliza si aibu.

Hadi kipindi kijacho, nawatakia afya njema. Kwaherini.