MIMEA YA NDANI: KILA CHUNGU NA DESTURI YAKE

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Natumaini mmeketi vizuri, kalamu ziko mkononi na madaftari yamefunguliwa. Leo tutazungumza juu ya mimea inayotunzwa ndani ya nyumba, katika vyungu, makopo na ndoo kuukuu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: CHUNGU, MIZIZI, TUNDU, KIVULI, UTOMVU. Tutayakuta yote njiani.

Tuanze na swali. Mtu ana mimea mitano sebuleni. Kila asubuhi huimwagilia yote, kikombe kimoja kila chungu, bila kukosa hata siku moja. Baada ya miezi mitatu, mitatu imekufa. Je, mtu huyu ni mvivu? La, si mvivu hata kidogo. Shida ni kwamba ameitendea mimea yote kama mmea mmoja. Mgeni wa kutoka nyika na mgeni wa kutoka msituni hawali chakula kimoja.

Kwanza, tujue kwa nini maji mengi huua. Mizizi hunywa maji, lakini pia huhitaji hewa. Katika udongo mzuri kuna nafasi ndogo ndogo zenye hewa. Ukijaza maji kila siku, hewa hutoka na mizizi huanza kuoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa, kwa hiyo majani hulegea. Mwenye mmea akiona majani yamelegea husema, "Maskini, una kiu," naye huongeza maji tena. Hapo ndipo anapoumalizia.

Basi, kabla ya kumwagilia, tia kidole katika udongo mpaka kifundo cha pili. Ukisikia unyevu, ondoka, rudi kesho au kesho kutwa. Ukiwa mkavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Tena inua chungu: chungu chenye maji ni kizito, kilichokauka ni chepesi. Baada ya wiki chache mkono wako utajua wenyewe.

Maji hayawezi kutoka chini kama hakuna tundu. Kwa hiyo ukitumia kopo la rangi au la mafuta, lioshe sana, kisha toboa matundu manne au matano kwa msumari. Udongo wa mfinyanzi peke yake haufai, maana hushikana kama tofali. Changanya udongo mweusi, mchanga, na samadi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi huunguza mizizi.

(Mwalimu wa darasa asimamishe hapa kidogo. Wanafunzi wajibu: Kwa nini mmea wenye maji mengi hulegea kama mmea wenye kiu?)

Sasa tuitazame mimea minne, kila mmoja na kwao.

Wa kwanza ni mshubiri. Majani yake ni manene, yamejaa utomvu. Hayo ndiyo mapipa yake ya maji, kwa kuwa jamaa zake huota mahali pakavu penye jua. Uweke dirishani penye mwanga mwingi, na uuache udongo ukauke kabisa kabla ya kumwagilia tena.

Wa pili ni mmea wenye majani mazito yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Wauzaji wengi huuita kwa herufi mbili, ZZ. Watu huudhani mgeni wa Ulaya, kumbe ni mwenyeji wetu. Huota wenyewe Kenya, Tanzania, na kuelekea kusini mpaka Afrika Kusini. Chini ya udongo una viazi vinene vinavyoweka akiba ya maji, kwa hiyo huvumilia kiangazi. Huvumilia pia mahali penye mwanga mdogo. Katika nyumba nyingi unaweza kukaa wiki mbili au zaidi bila maji. Usiuonee huruma.

Wa tatu ni kangaga, mwenye majani yaliyochanikachanika kama manyoya ya ndege. Kwao ni kivulini, karibu na vijito na penye unyevu. Huyu hapendi kukauka, wala hapendi jua kali. Uweke mbali kidogo na dirisha, na upime udongo wake kila siku.

Wa nne ni ua dogo la rangi ya urujuani, lenye majani ya manyoya laini. Huyu ametoka Tanzania akaenda kuizunguka dunia. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul, aliupeleka Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la kitaalamu la Saintpaulia, kwa kuiheshimu familia ya yule mtawala. Wenye mmea, yaani watu wa milima, hawakutajwa katika jina lile, ingawa Wajerumani katika mazungumzo yao huuita ua la Usambara. Leo huuzwa kwa wingi katika Ulaya na Marekani. Huku kwao, makao yake ni miamba yenye kivuli ndani ya misitu, na misitu hiyo imekatwa sana. Aina kadhaa zimo katika hatari ya kutoweka.

Kwa hiyo nawaomba sana: msiung'oe msituni. Hakuna haja. Omba jani moja lenye kikonyo kwa mwenye mmea. Chomeka kikonyo katika mchanga wenye unyevu, kivulini. Baada ya miezi miwili au zaidi vitoto vitachomoza chini ya jani. Jani moja la jirani limekupa mmea, na msitu umebaki na wake. Ua hili lisimwagiliwe juu ya majani, maana hupata madoa. Weka chungu katika bakuli la maji kwa nusu saa, unywe kwa chini, kisha mwaga maji yaliyobaki.

Tuseme neno juu ya mwanga. Macho yetu hutudanganya. Chumba huonekana cheupe kumbe mmea uko gizani. Saa sita mchana nyosha mkono wako juu ya karatasi nyeupe mahali utakapoweka chungu. Kivuli kikiwa cheusi na wazi, mwanga ni mwingi. Kikiwa hafifu, mwanga ni wa wastani. Kisipoonekana kabisa, usiweke mmea hapo. Kumbuka pia kwamba jua huhama. Mwezi wa Juni huelekea kaskazini, mwezi wa Desemba kusini. Dirisha lililokuwa na kivuli mwezi wa Juni laweza kuunguza majani mwezi wa Desemba.

Sasa sikilizeni vizuri, maana haya mawili yahusu afya za watu.

La kwanza ni kisahani cha chini ya chungu. Maji yakituama hapo, mbu aina ya Aedes hutaga mayai yake. Mbu huyu huuma mchana, naye hueneza homa ya dengue, iitwayo pia kidingapopo. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Katika joto letu, yai laweza kuwa mbu mzima kwa muda wa siku saba mpaka kumi. Tena mayai hushika kwenye kuta za kisahani, na huweza kukaa makavu miezi mingi bila kufa. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mara moja kila wiki, mwaga maji na usugue kisahani kwa brashi na sabuni.

La pili ni sumu. Mmea uitwao difenbakia, wenye majani mapana ya kijani na madoa meupe, una utomvu mkali. Mtoto akitafuna jani, mdomo na ulimi huwaka na kuvimba. ZZ nao huwasha mdomo. Mimea hii iwekwe juu, mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki. Likitokea jambo hilo, toa vipande mdomoni, mwoshe mtoto kinywa kwa maji, usimtapishe, na umpeleke hospitali upesi, hasa akivimba au akipumua kwa shida. Ukikata mimea hii, nawa mikono.

Sasa kazi ya kisomo. Kata kadi ndogo kwa kila mmea wako, uandike hivi:

JINA: Kangaga.
MAHALI: Mbali kidogo na dirisha.
MAJI: Pima kila siku.
HATARI: Hakuna.

Funga kadi kwenye chungu. Hata ukisafiri, mwanao au jirani atasoma na kuitunza mimea yako kama wewe. Hii ndiyo faida ya kujua kusoma na kuandika.

MASWALI

1. Mizizi huhitaji vitu gani viwili?
2. Kwa nini kumwaga maji ya kisahani bila kukisugua hakutoshi?
3. Utapataje ua la Usambara bila kuling'oa msituni?
4. Hesabu: Kangaga amepewa kikombe 1 kila siku ya pili, na ZZ kikombe 1 kila baada ya siku 15. Kwa siku 30, kila mmoja amepata vikombe vingapi?

Juma lijalo tutajifunza kutengeneza mboji kwa maganda ya jikoni.