Kujenga Wadi Huku Wagonjwa Wakiendelea Kutibiwa

(Hotuba kwa kamati za ujenzi za vikundi vya kujisaidia)



Sisi ni kamati ya ujenzi kama ninyi. Tulifanya harambee, tukabeba mawe na mchanga, tukaongeza wadi ya akina mama katika zahanati yetu. Leo hatukuja kujisifu. Tumekuja kuwaambia pale tulipokosea.

Siku moja fundi alitaka kuunganisha bomba jipya. Alifunga maji bila kumwambia mtu. Wakati huo huo kulikuwa na mama anajifungua, na damu inamtoka. Sista kufungua mfereji, hakuna kitu! Vibarua walikimbia na ndoo hadi kisimani. Mama alipona, na mtoto pia, lakini tuliona aibu. Kosa halikuwa la fundi peke yake. Sisi tulikuwa tumempa bei na vipimo tu. Hatukumwambia kwamba ndani mna wagonjwa wanaotegemea bomba lile.

Tangu siku hiyo tulipanga hivi:

Kwanza, mazungumzo. Kila Jumatatu asubuhi fundi, sista msimamizi na mwenyekiti walikaa pamoja. Fundi alieleza atavunja wapi na atazima nini wiki hiyo. Sista akisema kazi isimame, inasimama. Jambo hili liandikwe katika mapatano kabla ya kulipa shilingi ya kwanza. Pia mkubaliane nani atalipia siku zitakazopotea, kwa sababu kibarua naye ana watoto nyumbani.

Pili, maji na stima. Kabla ya kufunga maji, jazeni tangi na mapipa, na ndoo ziwe tayari chumba cha kujifungulia. Maji yakirudi, yaacheni yatoke kwanza mpaka yawe safi. Na stima je? Chanjo nyingi huwekwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mkizima stima kwa muda mrefu bila kuzihamishia kwenye masanduku ya baridi, zinaweza kuharibika, na kwa macho hamtajua.

Tatu, vumbi. Ukuta wa zamani ukivunjwa, vumbi lake huweza kubeba mbegu za kuvu. Mtu mwenye afya hana taabu sana. Lakini yule ambaye kinga ya mwili wake imepungua, au mapafu yake yaliharibiwa na kifua kikuu, anaweza kuugua vibaya. Zibeni kwa karatasi ya plastiki kutoka sakafuni hadi darini. Msifagie pakavu, pigeni deki. Kifusi kifunikwe, wala kisipitishwe wadini.

Nne, njia. Wilbaro na machela zisigombanie mlango mmoja. Kokoto isimwagwe mahali gari la wagonjwa linapogeukia. Mtaro ukichimbwa, uwekewe uzio na taa ya usiku.

Ramani nayo ipelekwe kaunti mapema, maana tangu 2013 zahanati za umma ziko chini ya serikali za kaunti.

Basi wenzetu, kabla ya kumwita fundi, nendeni kwa sista mumwulize: maji yakikatika saa mbili, nani ataumia? Stima je? Mlango huu ukifungwa, mgonjwa atapita wapi? Majibu yake yaandikeni, mumpe fundi pamoja na ramani. Sisi tuliuliza tukiwa tumechelewa.