Kutafiti Yanayositiriwa



Wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaoomba kusimamiwa katika afya ya uzazi na ujinsia mara nyingi huja na jibu mkononi: vijana wakielimishwa, watabadilika. Kabla hawajaandika hata ukurasa mmoja wa pendekezo la utafiti, nawaomba wasome habari za mkoa wa Mwanza.

Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti wa Tanzania na wenzao kutoka nje walifuatilia jamii 12 za mkoa huo. Katika sita kati ya hizo, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, na dawa zikahakikishwa kupatikana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na jamii nyingine sita. Hapakuwa na mtambo mpya wala dawa ya ajabu. Ilikuwa huduma ya kawaida, ikitolewa inavyopaswa, na naiona kuwa kazi ya kujivunia katika historia ya sayansi ya nchi hii.

Mwaka 1999 yakaja matokeo ya Rakai, Uganda. Huko watu walipelekewa dawa za magonjwa ya zinaa majumbani, wenye dalili na wasio nazo, lakini maambukizi mapya ya VVU hayakupungua. Mjadala ukawa mkali. Sehemu ya maelezo ni kwamba Rakai VVU vilikuwa vimeenea kwa muda mrefu na kwa watu wengi zaidi kuliko Mwanza, na vidonda vingi vilitokana na malengelenge ya sehemu za siri, ambayo antibiotiki haiyatibu. Bila jibu la Rakai, lile la Mwanza tungelielewa nusu tu.

Mwanza ilitufundisha jambo jingine, gumu zaidi. Mradi wa MEMA kwa Vijana ulipeleka elimu ya afya ya uzazi katika shule za msingi na kuwafunza wahudumu wa afya kuwapokea vijana kwa staha. Ujuzi wa vijana ulipanda, na baadhi ya mienendo waliyoieleza ikabadilika. Lakini vipimo vya damu havikuonyesha upungufu wa VVU wala wa virusi vya malengelenge, hata walipopimwa tena miaka kadhaa baadaye. Mwaka 2004 mtafiti Mary Plummer na wenzake walichapisha ulinganisho wa njia za kukusanya taarifa miongoni mwa vijana haohao. Wapo waliojibu kwenye dodoso kwamba hawajawahi kujamiiana, ilhali vipimo vilionyesha ujauzito au ugonjwa wa zinaa. Mahojiano ya kina, ya faragha, yaliwapa baadhi ya wasichana nafasi ya kusema walichokificha kwenye karatasi.

Siwaiti vijana hao waongo. Msichana wa shule anajua kinachomngoja maneno yake yakimfikia mwalimu, baba au jirani: aibu, kipigo, hata kufukuzwa nyumbani. Ukimya wake ni kinga. Mtafiti anayemjia na fomu ya ridhaa anamwomba aivue kinga hiyo mbele ya mgeni, kwa ahadi tu ya usiri. Ndiyo maana kamati ya maadili inapouliza nani atakuwepo chumbani, majina yatatunzwa wapi, na atakayekutwa na ugonjwa atatibiwa wapi, mwanafunzi asione anacheleweshwa. Hayo ni maswali ya kisayansi pia, kwa sababu asiyejiona salama hatatoa jibu la kuaminika.

Ninayo maombi mawili kwa chuo hiki. Kwanza, mwanafunzi wa fani hii alipiwe miezi ya kuishi katika jamii anayoitafiti kabla ya kuandika dodoso lake, na miezi hiyo ihesabiwe kuwa kazi ya shahada. Pili, tasnifu iliyofanywa kwa uangalifu na kukuta kwamba afua haikufaulu isahihishwe kwa mizani ileile ya iliyofaulu, na mwandishi wake asishauriwe, hata kwa upole, kutafuta matokeo mazuri zaidi.