Ukimjua Aliyekuumiza

Somo: Zaburi 55:12-14, Waefeso 4:25

 

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mwimba zaburi aliyajua hayo. Katika Zaburi ya 55 anamlilia Mungu, wala kilio chake si juu ya adui. Adui angemvumilia. Aliyemtenda ni mwenzake, mtu waliyeshauriana naye na kwenda pamoja nyumbani mwa Mungu. Jeraha la namna hiyo lina maumivu mawili: la mwilini, na lile la kulitaja jina.

Tarehe 12 Julai 2020, huko Los Angeles, Marekani, mwimbaji aitwaye Megan Thee Stallion alipigwa risasi miguuni. Nyimbo zake sizo tuimbazo kanisani, lakini damu iliyomwagika ni kama yetu. Alikuwa ametoka karamuni usiku, yeye na wenzake katika gari moja. Polisi walipolisimamisha gari hilo, alisema kwamba amekanyaga vioo.

Mbona alificha? Baadaye alieleza sababu yake. George Floyd alikuwa ameuawa na polisi huko Minneapolis mwezi Mei mwaka ule ule. Megan aliogopa kwamba akitaja bunduki, askari wangefyatua risasi na mtu angekufa. Siku chache baadaye aliwaambia wapelelezi ukweli: aliyempiga ni Tory Lanez, mwimbaji mwenziwe na rafiki yake.

Je, mambo yalitulia? Hasha! Wengi walimdhihaki na kumwita mwongo, na neno lile la vioo likatumiwa dhidi yake. Lakini Desemba 2022 alisimama mahakamani, akaapa, akasema. Raia 12 wa baraza la mahakama walimwona mshtakiwa ana hatia, ingawa mwenyewe alikana. Agosti 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka 10.

Wapenzi, habari hii ni ya mbali, lakini vioo vile tunavyo hata kwetu. Mama amevimba uso, naye asema, "Niliteleza." Kijana amekatwa panga na binamu yake, naye amwambia daktari kwamba alianguka juu ya bati. Polisi wakifika, nyumba nzima yanyamaza. Mtu wetu, twasema. Tutayamaliza nyumbani.

Nasi tulio wachungaji tunayo sehemu yetu katika kosa hili. Mara ngapi tumefika penye kitanda cha majeruhi, na neno letu la kwanza likawa, "Samehe," kabla hatujamwuliza, "Ni nani aliyekutenda hivi?" Tukadhani tumeleta amani. Haikuwa amani, kilikuwa kimya tu. Aliyeumizwa alibaki peke yake, na aliyeumiza akabaki na silaha yake.

Ndugu, kusamehe ni wajibu wetu, lakini msamaha haufuti ushahidi. Someni Matendo ya Mitume sura ya 23. Mpwa wa Paulo alisikia kwamba watu zaidi ya arobaini wamefanya njama ya kumwua mjomba wake. Paulo hakumwambia anyamaze ili aonekane mtu wa rehema. Alimtuma kwa jemadari aliyekuwa na mamlaka, na kijana akaeleza yote. Ndivyo uhai ulivyookolewa. Mtu aweza kumwombea aliyemjeruhi asubuhi, na jioni akamtaja mbele ya askari, pasipo chuki moyoni.

Lakini tusisahau upande wa pili. Amri ya tisa yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya Turnbull, ilionya kwamba mtu huweza kukosea hata anapodhani amemtambua ndugu au rafiki wa karibu. Kwa hiyo mahakama huuliza: Palikuwa na mwanga? Mlikuwa umbali gani? Ulimwona kwa muda gani? Basi, wewe uliyeumizwa, taja ulichokiona, wala usiongeze hata kidogo. Kama ulisikia sauti tu, sema ni sauti. Kama huna hakika, sema huna hakika. Ugomvi wa shamba usikuonyeshe uso ambao macho yako hayakuuona.

Nanyi wazee wa kanisa na akina mama wa ushirika, mtu wa namna hii asiende kituoni peke yake. Mmoja wenu afuatane naye, aketi naye, arudi naye nyumbani. Akitishwa, mkumbusheni kwamba Kenya ilipitisha sheria ya kuwalinda mashahidi mwaka 2006. Tena msimwache aliyetajwa. Jamaa zake nao wanalia, naye bado hajahukumiwa.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyebusiwa na rafiki aliyekusaliti, wayajua maumivu haya. Uwape ujasiri walioficha jeraha lao. Uyalinde macho yao na ndimi zao wasimwonee mtu. Utusamehe sisi tuliowanyamazisha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.