Kidonge cha utamu si dawa ya sukari



Mwezi uliopita, hapa Musonoi, mama mmoja wa chama chetu alianza kutetemeka mkutanoni, jasho likimtoka. Ana ugonjwa wa sukari. Asubuhi alijichoma insulini, hakula. Sisi haraka tukamtilia ndani ya chai vidonge vya sakarini, vile alirudi navyo kutoka Zambia. Tulikosea! Sakarini inapita sukari kwa utamu mara 300 na zaidi, lakini inatoka kwa mkojo vilevile ilivyoingia, haileti nguvu. Jirani muuguzi akamnywesha maji ya sukari ya kweli, akatulia. Mgonjwa asiyeweza kumeza, msimtie kitu kinywani: mbio hospitali.

Sakarini ilipatikana Marekani mwaka 1879. Inatiwa katika soda zisizo na sukari, hata katika dawa za maji za watoto, kuficha uchungu. Kwa chai ni sawa. Lakini haishushi sukari ya damu, insulini isiachwe. Na chai ya kidonge, kisha bukari sahani mbili? Tunajidanganya, bukari nayo inageukaka sukari.

Kwa michango yenu tumeweka kilo mbili za sukari katika sanduku la chama. Si ya chai.