Wale Vijana wa Mpira Huishia Wapi?

(Hotuba iliyotolewa kwa wazazi, walimu wa michezo na viongozi wa vijana)

Wazazi wetu, walimu, makatekista, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kana kwamba mkutano huu si wenu, asanteni kwa kuja.

Niliombwa niseme juu ya vijana na vipaji. Nilipokaa kuandika nikaona jambo hilo ni pana mno. Kuna waimbaji, kuna wakimbiaji, kuna wachongaji wa mawe kule Tabaka. Kwa hivyo nitashika mpira wa miguu peke yake, kwa sababu ndio ninaouona kila jioni nikitoka kazini, na kwa sababu nina deni katika jambo hili. Hilo deni nitalieleza.

Nilipokuwa msichana mdogo, siku ya mechi ya Shabana baba aliweka redio juu ya kiti nje ya nyumba, na majirani wakaja na vikombe vyao vya chai. Sauti ya Leonard Mambo Mbotela ilifika mpaka kwenye mistari ya majani chai. Hakuna mtu aliyeuliza Shabana ni nani. Baadaye timu ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2006 na ikakaa huko chini miaka 17. Iliporudi mwaka 2023, mnajua wenyewe jinsi mji wa Kisii ulivyokuwa. Furaha hiyo ni nzuri. Lakini imeleta kitu kingine: kila mzazi mwenye mtoto anayejua kupiga chenga anamwona tayari yuko ndani ya Gusii Stadium amevaa jezi.

Na watoto wanaweza kweli. Nenda Keroka, nenda Suneka, nenda Nyansiongo, simama kando ya uwanja wa shule yoyote. Utaona mtoto wa miaka 14 anatuliza mpira kwenye matope mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Swali langu ni hili tu: huyo mtoto akifika miaka 22, yuko wapi? Nimefanya kazi hii karibu miaka 20. Wale niliowajua kwa majina, wengi wako kwenye boda boda, wengine wanachuna chai, wengine ni walinzi Nairobi. Hizo kazi si aibu, wengi wetu hapa tulisomeshwa na kazi kama hizo. Lakini wao hawakuzichagua. Walianguka ndani yake.

Tukiulizwa sababu, tunajibu upesi: pombe, bangi, wasichana, kiburi. Wengine hapa mtasema amerogwa, na mkitoka nje mtasema kwa sauti zaidi. Mimi nimekaa na vijana hawa na mama zao, na ninachokiona ni kwamba chang'aa huja baadaye. Kwanza kijana anavunjika, halafu anakunywa. Sisi tunamwona wakati anakunywa.

Wacha nianze na umri, maana hapo ndipo tunapojidanganya. Kijana anarudia darasa mara mbili, anaingia kidato cha kwanza akiwa na miaka 17, anacheza na watoto wa miaka 14. Bila shaka atafunga mabao. Ana kifua, ana miguu mirefu, ndevu zimeanza. Tunamwita nyota. Miaka mitatu baadaye wale wadogo wamekua, wamemfikia, na kumbe yeye hakuwahi kufundishwa chochote kwa sababu nguvu zake zilitosha. Hata bila kurudia darasa jambo hili liko. Watafiti wa nchi nyingi wamegundua kwamba katika timu za watoto, waliozaliwa miezi ya kwanza ya mwaka wa mashindano huchaguliwa kuliko waliozaliwa mwishoni, kwa sababu tu wamemtangulia mwenzao kwa miezi kumi au kumi na moja ya kukua. Yule mdogo tunamwambia akae kando aokote mipira. Jamie Vardy wa Uingereza aliachwa na klabu yake akiwa kijana kwa sababu alionekana mdogo wa mwili. Akaenda kufanya kazi kiwandani huku akichezea timu ndogo, na mwaka 2016 akawa bingwa wa ligi kuu ya Uingereza na Leicester City. Ni wangapi kama yeye tumewatuma kuokota mipira?

Na wale wanaokwenda kubadilisha cheti cha kuzaliwa ili mtoto awe mdogo zaidi, jueni kwamba tangu mwaka 2009 FIFA hupima mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashine katika mashindano ya walio chini ya miaka 17. Mashine haijui chifu wenu.

Sasa nilipe deni.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msimamizi wa timu ya vijana. Kulikuwa na kijana mmoja wa upande wa Nyamira, mtoto wa mama mjane mchuna chai. Alikuwa kidato cha tatu katika shule moja kubwa iliyomchukua bila karo kwa ajili ya miguu yake. Mnajua mashindano ya muhula wa pili yalivyo. Timu inacheza karibu kila siku, siku nne au tano mfululizo, halafu ikishinda inapanda ngazi na kuanza tena. Alirudi nyumbani goti limevimba. Jumamosi hiyo sisi tulikuwa na fainali ya kombe la mwanasiasa mmoja, zawadi ni fahali. Ni mimi niliyetuma boda boda ikamlete. Mama yake aliniuliza, "Madam, huyu mtoto ataweza?" Nikamjibu ni dakika chache tu, tutamfunga bendeji.

Hakuna aliyemgusa. Alikuwa anageuka tu na mpira, goti likalia kama kijiti kikavu, akakaa chini. Tulishinda. Fahali tukalichinja siku ileile, na yeye hakuweza kusimama kwenye foleni ya nyama, nikampelekea mimi kwenye sahani.

Baadaye alikandwa kwa majuma matatu na mama mmoja anayesifika kwa kukanda. Hospitalini alipigwa picha ya eksirei, tukaambiwa mifupa iko sawa, nasi tukashukuru. Hatukujua kwamba eksirei haionyeshi kano za ndani ya goti. Alipojaribu kukimbia, goti likaruka tena. Muhula uliofuata shule ikaomba karo. Hakuna aliyemfukuza, la, waliomba karo tu kama kwa mwanafunzi mwingine yeyote. Mama yake hakuwa nayo, na bonasi ya chai ilikuwa imeshaliwa na madeni. Kijana akarudi nyumbani.

Nimelifikiria jambo hili sana. Shule ilimtaka kwa ajili ya kikombe chake. Mwanasiasa alimtaka kwa ajili ya kura zake. Mimi nilimtaka kwa ajili ya fahali. Kila mmoja alimpenda kweli, kwa siku yake. Lakini ile miaka mitatu iliyokuwa mbele yake haikuwa na mwenyewe. Mkulima akila mahindi ya mbegu mwezi wa pili, hatuwezi kusema mvua ndiyo iliyomkosea.

Kwa hivyo mnivumilie nikisema mambo ya goti, ingawa mimi si daktari. Goti likilia wakati mchezaji anageuka, kisha likavimba ndani ya saa chache, huyo hachezi tena mpaka aonwe na mtu wa mifupa, na msimkubalie mtu amkande wala amchome sindano ya kuua maumivu ili arudi uwanjani. Maumivu ni ulinzi, mkiyanyamazisha mmemfukuza mlinzi. Na kuna maumivu mengine, ya watoto wanaokua haraka, miaka 11 mpaka 15, yanayokaa chini kidogo ya kifuniko cha goti pale muundi unapoanza, na pengine panatokeza kinundu. Hayo mara nyingi hupoa kwa kupunguza mchezo na kupumzika. Kocha anayemwita huyo mtoto mvivu anamharibu.

Karo ndiyo kitu cha pili ambacho wazazi hawaulizi. Mwalimu wa michezo wa shule nyingine anakuja nyumbani na sukari na unga, anasema mtoto atasoma bure. Nyumba nzima inacheka. Ulizeni. Akiumia, je? Akikosa nafasi kwenye timu, je? Alama zake zitaangaliwa na nani wakati yuko mashindanoni juma zima? Na itiwe sahihi na mwalimu mkuu, kwa maandishi. Mimi nimeona watoto walioitwa wanafunzi kwa miaka minne na hawawezi kuandika barua ya kuomba kazi. Sasa katika mtaala mpya kuna mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika shule za upili za juu. Ni jambo jema, mradi tusiufanye kuwa zizi la kuwatupia watoto tunaodhani hawana akili. Michael Olunga alisoma Upper Hill School, akasomea uhandisi katika Technical University of Kenya huku akicheza ligi ya hapa. Mwaka 2020 alifunga mabao 28 katika ligi ya Japan akiwa na Kashiwa Reysol, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Vitabu havikumpunguzia mbio.

Asiyesoma huuzwa. Simulizi la kweli la Ghana: Nii Lamptey, aliyezaliwa 1974, alikuwa mchezaji bora wa kombe la dunia la vijana mwaka 1991 huko Italia. Pele mwenyewe alimsifu kama mrithi wake. Nyumbani alikuwa akipigwa na baba mlevi, na shule hakuipata. Akiwa na miaka 16 alikuwa tayari anacheza Anderlecht ya Ubelgiji. Alitia sahihi karatasi asizoweza kuzisoma, na wakala akawa anamhamisha kutoka klabu hadi klabu, kila uhamisho ukimletea wakala pesa. Uingereza, Italia, Argentina, Uturuki, China. Mtoto aliyetazamiwa kuwa bora duniani akamaliza bila kukaa mahali. Alipopata nafasi ya kufanya kitu na pesa zilizobaki, alijenga shule mjini Accra. Sihitaji kuongeza kitu hapo.

Kwetu wakala haji na ndege, huja na Probox. Anasema kuna majaribio Uarabuni au Ulaya, leteni pesa za pasipoti na viza, na mzazi anauza ng'ombe au anakodisha shamba la chai. Shikeni haya. Kanuni za FIFA hazimruhusu kijana chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, ila kwa sababu chache maalumu. Wakala wa kweli, tangu 2023, lazima awe amefanya mtihani wa FIFA na kupewa leseni, na hawezi kumwakilisha mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi. Muulizeni leseni. Akikasirika, mmeshapata jibu.

Viongozi wa timu ndogo, nanyi mna lenu. Klabu iliyomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23 ina haki ya kupata sehemu ya asilimia 5 ya pesa za uhamisho wake anapouzwa kwa klabu ya nchi nyingine. Lakini ni klabu iliyosajiliwa na shirikisho, yenye kumbukumbu kwamba huyo mtoto alicheza pale mwaka fulani mpaka mwaka fulani. Timu zetu nyingi zimeandikwa nyuma ya kadi ya matanga. Nunueni daftari. Tena kule Mathare, chama cha MYSA kilichoanza 1987 kimekuwa kikizipa timu pointi kwa kusafisha mitaa, si kwa mabao peke yake, na vijana wanaojitolea wanasaidiwa karo. Kwetu uchafu upo, na vijana wapo.

Wasichana nimewaacha mwisho, nisameheni, ndiyo tabia yetu. Timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe lolote la Dunia la FIFA ilikuwa ya wasichana chini ya miaka 17, mwaka 2024, huko Jamhuri ya Dominika. Huku kwetu msichana akitaka kwenda mazoezi saa kumi, anaambiwa achote maji kwanza na kaka yake tayari yuko uwanjani. Mama nyinyi ndio mnaosema hivyo. Hata mimi nimesema.

Yule kijana wa goti? Ana karakana ya pikipiki kando ya barabara, ana mke na mtoto mmoja. Jumatano na Ijumaa anafunga mapema anafundisha watoto wa chini ya miaka 13 kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mwaka jana nilikwenda kumwomba msamaha, nikakuta anamtoa nje mtoto anayechechemea, na mtoto analia, na baba wa mtoto anapiga kelele kwamba timu itafungwa. Walifungwa, tatu kwa moja. Aliniambia, "Madam, wewe nisaidie daftari, hayo mengine yaache." Nikampelekea mawili.

Chai iko tayari pale chini ya mti. Maswali tutayachukua hapohapo, na wale vijana wa nyuma waanze kuuliza.